Tharia Topan, Mkopeshaji wa Unguja

Katika watu mashuhuri wa Unguja ya zamani, wengi wetu twawajua masultani na wasafiri: Seyyid Majid, Seyyid Barghash, Tippu Tip, Stanley. Lakini yuko mtu mmoja aliyeshughulika na hao, na ambaye wengine wao wasingaliweza kuondoka pwani bila mali yake, naye hasimuliwi sana. Jina lake ni Tharia Topan. Hakuongoza vita wala hakuvuka ziwa lolote. Kazi yake ilikuwa kukopesha, na kwa kazi hiyo alifika mbali kuliko wengi waliokwenda kwa miguu.

Alizaliwa mwaka 1823 hivi katika nchi ya Kachi, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Wazazi wake walikuwa Makhoja, yaani Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, nao hawakuwa watu wa mali. Husimuliwa kwamba alipokuwa kijana wa miaka 12 alijificha chomboni, na hata nahodha alipomvumbua walikuwa wamekwisha kuiacha pwani mbali, basi hakuna la kufanya ila kumchukua. Kama ndivyo ilivyokuwa au kama hadithi imeongezwa chumvi, jambo moja ni hakika, kwamba alikuja Unguja angali mdogo, bila fedha wala jina.

Vyombo vya Kachi vilikuja na upepo wa kaskazi, vikaipita Pemba, kisha rasi ya Nungwi, ndipo viteremke kwa upande wa magharibi wa kisiwa mpaka bandarini. Watu wa Nungwi ni waundaji wa vyombo na wavuvi, nao walikuwa wakiviona vyombo hivyo kila mwaka kabla watu wa mjini hawajaviona. Mwenye kuunda jahazi aijua vema shida ambayo habari hizi zote zaihusu. Mbao, misumari na pamba ya kukalafatia hununuliwa kwanza, na chombo huelea baadaye; na katikati yake kuna siku nyingi za kula pasipo pato. Ni nani atakayemlisha mtu katika siku hizo za katikati, na kwa sharti gani? Mji wa Unguja ulikua juu ya swali hilo.

Siku zile nyumba kubwa ya biashara ilikuwa ya Jairam Shivji, Mhindi wa kabila la Bhatia, na mkuu wake hapa Unguja kwa miaka mingi alikuwa Ladha Damji. Nyumba hiyo ilipanga forodha ya Sultani. Maana yake, ilimlipa Sultani fedha ya namna moja kila mwaka, iwe biashara imestawi au imelala, kisha ikajikusanyia ushuru wa bandari, asilimia 5 ya bidhaa zilizoingia kutoka ng'ambo, na ushuru wa pembe na vitu vinginevyo vilivyotoka Mrima. Kilichozidi kilikuwa chake, na kilichopungua kilikuwa hasara yake. Kwa hiyo mpangaji wa forodha alijua habari za kila chombo na kila mzigo, naye alikuwa pia ndiye mkopeshaji mkuu, hata wa Sultani mwenyewe.

Katika nyumba hiyo ndimo Tharia alimoanza, kwa kazi za chini kabisa. Kisha, kama wasimulivyo, akawekwa kuwafuata wenye madeni mlango kwa mlango. Wengi huidharau kazi ya namna hiyo. Lakini mdai wa madeni hujifunza mambo yasiyoandikwa katika daftari lolote: nani hulipa kabla ya kuombwa, nani husema kesho kila siku, nani ana shamba la mikarafuu lakini amekwisha kuliweka rahani kwa watu wawili. Alipoanza biashara yake mwenyewe hakuwa na mtaji mkubwa, ila alikuwa na elimu hiyo, nayo haikuweza kunyang'anywa.

Sasa na tueleze namna mikopo ile ilivyokwenda, kwa kuwa bila hayo maisha ya mtu huyu hayafahamiki.

Mtu aliyetaka kwenda Bara kutafuta pembe hakupewa fedha, maana fedha huko haikununua kitu. Alipewa bidhaa: nguo za merikani, kaniki, ushanga wa rangi zipendwazo mahali aendako, masango ya shaba, bunduki na baruti. Nguo za merikani zilitoka viwanda vya Massachusetts, zikaletwa na merikebu za Wamarekani wa mji wa Salem, hata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861 nguo hizo zikaadimika sokoni Unguja. Mfanyi biashara wa Kizungu alimkopesha Mhindi, Mhindi akamkopesha Mwarabu au Mswahili mwenye msafara, na mwenye msafara akawakopesha watu wake. Mnyororo ulikuwa mrefu, na pingili yake ya mwisho ilikuwa katika nchi ambayo wale wa mwanzo hawakupata kuiona.

Faida ilipatikanaje, ikiwa Uislamu unakataza riba? Ilifichwa katika bei. Nguo ambayo mwenye fedha taslimu angaliinunua kwa bei ndogo, mkopaji aliandikiwa kwa bei kubwa, naye akaahidi kulipa atakaporudi, ama kwa reale ama kwa pembe kwa bei waliyopatana. Wenye mashamba walikuwa na njia nyingine: shamba liliuzwa kwa sharti kwamba mwenyewe aweza kulirudisha akileta fedha kwa muda uliowekwa, na hapo katikati mnunuzi alikula mazao au kodi yake. Kwa hati ilikuwa bei, kwa kweli ilikuwa rahani. Wengi waliouza hivyo hawakurudisha kamwe.

Na dhamana ya mtu wa msafara ni ipi? Mara nyingi ilikuwa neno lake tu, na ukoo wake. Safari ya mwaka mmoja iliweza kuwa ya mitano. Ndui ilipita, wapagazi wakatoroka na mizigo, majumbe wa njiani wakadai hongo. Na wako waliofika Tabora au Ujiji au Manyema, wakaona kwamba pembe walizo nazo hazitoshi kulipa deni, basi wakakaa huko huko, wakajenga, wakaoa, wasionekane pwani tena. Miji ya Bara ilikuwa na watu wengi wa namna hiyo. Mkopeshaji wa Unguja hakuwa na askari wa kuwafuata. Hasara ile aliitia katika bei ya wengine, hivi kwamba mwaminifu alimlipia mkimbizi bila kujua.

Katika waaminifu, mmoja alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu humwita Tippu Tip. Alizaliwa Unguja mwaka 1837 hivi, akaanza biashara angali kijana, na habari za maisha yake aliziandika mwenyewe kwa Kiswahili katika uzee wake, kitabu ambacho kila mpenda habari za kale afaa kukisoma. Ndani yake madeni yana nafasi kubwa kuliko vita. Katika miaka ya 1860, alipotaka kwenda safari kubwa, hapakuwa na mtu mmoja wa kumwamini kwa mali nyingi, maana jina lake lilikuwa bado jipya. Alikusanya bidhaa za kadiri ya reale 30,000 kwa kukopa kwa wengi, kila mmoja akitoa sehemu yake.

Wasomaji waishio mijini watatambua jambo hili. Siku hizi ziko tovuti ambazo kwazo watu wengi wasiojuana humkopesha mtu mmoja, kila mmoja kidogo, bila benki kusimama katikati. Huko Uingereza ilianzishwa moja iitwayo Zopa mwaka 2005, ikawa ya kwanza ya namna yake, nayo iliiacha biashara hiyo mwaka 2021 na kubaki benki tu. Mwaka ule ule wa 2005 Wamarekani walianzisha Kiva, na wakopaji wake wa kwanza walikuwa watu wa Tororo, nchi ya Uganda. Wasifiwao kwa kubuni mambo haya ni watu wenye akili, sikatai. Lakini wakopeshaji wa Tippu Tip walikuwa wakifanya jambo lile lile kwa wino na karatasi: waligawana hatari ya mtu mmoja ili akipotea asiwafilisi wote. Tofauti ni kwamba wao waliuona uso wa mkopaji, wakamjua baba yake na nyumba yake. Lakini walipokwisha kumpa mali hawakuona tena alilofanya nayo.

Na alifanya nini? Mwaka 1867, katika nchi ya Itahwa, kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru, alipigana na jumbe Nsama, akamshinda, akachukua pembe zake nyingi. Livingstone alikuwa akipita pande zile mwaka huo huo, akaviona vijiji vilivyoharibiwa. Pembe hizo zilifika pwani, zikapimwa kwa frasila, yaani ratili 35, madeni yakalipwa. Hapo jina la Tippu Tip likawa jina la mtu alipaye. Wakopeshaji wengi wadogo hakuwahitaji tena. Kwa safari yake iliyofuata, alisimama nyuma yake tajiri mmoja, naye ni Tharia Topan.

Safari hiyo ilianza mwaka 1870, na Tippu Tip hakurudi Unguja mpaka mwaka 1882. Tufikiri kidogo: miaka 12! Alipoondoka, Seyyid Majid alikuwa akimaliza siku zake, na Seyyid Barghash akatawala mwaka ule ule. Mwaka 1871 vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vikaifunga njia ya Tabora, ikawa taabu kupitisha mzigo. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kuu ikapiga kisiwa cha Unguja, ikang'oa mikarafuu na minazi, ikavunja vyombo bandarini. Pemba iliokoka, lakini wenye mashamba wa Unguja waliokuwa na deni kwa Wahindi walibaki na deni bila mikarafuu. Mwezi wa Juni 1873 Seyyid Barghash, akishurutishwa na Waingereza, akatia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko lao mjini. Mambo hayo yote yalipita juu ya daftari za Tharia, na katikati yake mkopaji wake mkuu alikuwa mbali Manyema, habari zake zikija kwa miguu. Asiye na moyo mgumu angaliuza deni lile kwa nusu ya thamani yake. Tharia alingoja.

Hakungoja mikono mitupu. Alikuwa na merikebu, na nyumba za biashara mpaka Bombay, na wakopaji wengine wengi. Stanley, alipokuja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alinunua vitu kwake. Na aliporudi mwaka 1874 kwa safari ya kulikata bara zima, alimwendea Tharia tena, akapewa nguo kwa hati za kulipwa London na Levy, mwenye gazeti la Daily Telegraph. Karatasi iliyoandikwa Unguja, fedha iliyoko London, nguo zitakazotumika Uganda na Kongo: mtu asiyeaminiana na watu hafanyi biashara ya namna hiyo. Stanley, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu wenyeji wa pwani, alimsifu mzee huyu katika kitabu chake kwa uaminifu wake.

Mwaka 1875 Seyyid Barghash alikwenda Uingereza kumzuru Malkia Victoria, na Tharia alikuwa katika watu waliofuatana naye. Mwaka 1876 akaipanga forodha, akaiondoa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, iliyokuwa nayo kwa miaka mingi sana. Yule mtoto aliyekuja bila nauli sasa alikuwa anatoza ushuru wa kila mzigo ulioshushwa. Alishika forodha mpaka mwaka 1880, kisha ikarudi kwa wenyewe wa zamani. Miaka minne si mingi, lakini ilikwisha kumpa kimo ambacho hakukipoteza.

Hapa sina budi kusimama, maana habari za mtu huyu huandikwa mara nyingi kama hadithi ya bidii tu. Pembe zilizolipa madeni yale zilikwenda London, Bombay na Connecticut, zikawa vifungo vya piano, bangili na vipini vya visu. Ni nani aliyezileta pwani? Wapagazi wengi walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi, waliofanya kazi kwa ujira. Lakini katika Manyema na nchi za jirani pembe zilipatikana kwa bunduki, na watu walitekwa pamoja nazo, wengine wakachukuzwa, wengine wakauzwa njiani, wengine wakaletwa mashambani mwa Unguja na Pemba. Tangu mwaka 1860 balozi wa Kiingereza, Rigby, alikuwa amewalazimisha Wahindi walio raia wa Uingereza kuwaacha huru watumwa wao. Mhindi hakuruhusiwa kummiliki mtumwa. Lakini hakuna aliyemkataza kumkopesha bunduki na baruti mtu ambaye atakwenda kuteka.

Mkopeshaji aweza kusema kwamba yeye aliuza nguo, na yaliyotendwa mbali hayamhusu. Ni hoja ya kale, na mahakimu wengi wangaliipokea. Lakini Tharia alijua biashara ya Bara kuliko mtu yeyote wa mjini. Alijua pembe zapatikanaje na kwa nini msafara wahitaji baruti nyingi kuliko uhitajivyo kwa kuwinda. Faida ya kungoja kwake miaka 12 ilitoka huko. Tena ni yeye aliyekuja kuheshimiwa na Waingereza kuwa mtu aliyewasaidia katika kuikomesha biashara ya watumwa. Nadhani mambo yote mawili ni kweli, kwamba aliwasaidia wakuu wa serikali kwa shauri na kwa mali yake, na kwamba mali hiyo ilikuwa imeshikamana na mateso ya watu ambao majina yao hayakuandikwa katika hati yoyote. Katika mkopo kulikuwa na mwia na mwiwa, na hati ilikuwa na nafasi ya majina mawili. Mtu wa tatu, aliyelipa zaidi ya wote, hakuulizwa.

Tippu Tip aliporudi mwaka 1882 na pembe zake, wote wawili walikuwa matajiri kupita kiasi. Lakini wakati wenyewe ulikuwa unageuka. Mwaka 1885 Wajerumani waliweka madai yao Bara, na Leopold wa Ubelgiji akajitwalia Kongo. Mwezi wa Februari 1887 Tippu Tip alipatana na Stanley hapa Unguja, akawa wali wa Leopold katika Stanley Falls kwa mshahara wa paundi 30 kila mwezi, jambo la ajabu kwa mtu aliyekuwa mtawala wa nchi ile kwa nguvu zake mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya kutawala, Tharia aliweka jiwe la msingi la hospitali mjini Unguja, mbele ya bandari, ili maskini watibiwe humo bila malipo. Alikuwa mtu wa miaka zaidi ya 60. Wengine wamesema alifanya hivyo ili apendeze machoni pa Waingereza. Na pengine sababu hiyo ilikuwamo. Wahindi wengine wenye mali ya misafara walifanya vivyo hivyo, kama Sewa Haji wa Bagamoyo, aliyekufa mwaka 1897, ambaye mali yake ilisaidia hospitali za pwani ya Bara. Mgonjwa hakuuliza sababu.

Mwaka 1890 Malkia alimpa Tharia cheo cha heshima, akaitwa Sir Tharia Topan. Mwaka 1891 akafa, hospitali haijakwisha. Mjane wake, Janbai, aliishika kazi, na jengo likamalizika mwaka 1894. Lakini fedha za kuliendesha kama marehemu alivyokusudia hazikupatikana, likauzwa mwaka 1900. Baadaye dawa zilitolewa chini, na orofani wakakaa wapangaji. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 likawa mali ya serikali, likaachwa likachakaa, mpaka miaka ya 1990 lilipotengenezwa upya kwa msaada wa shirika la Aga Khan. Roshani zake za mbao za kuchongwa zaonekana na kila aingiaye bandarini.

Tippu Tip alifika pwani kwa mara ya mwisho mwaka 1891, mwaka ule ule wa kufa kwa mkopeshaji wake. Mwaka uliofuata vita vikazuka Kongo baina ya Wabelgiji na Waarabu, mwanawe Sefu akauawa mwaka 1893, na mali yote aliyoiacha huko ikapotea. Mshirika wake wa zamani, Rumaliza, akamshtaki kwa ajili ya mali ya ushirika, akashinda. Hata hivyo alikuwa amebakiwa na mashamba na nyumba za Unguja, akaishi katika mtaa wa Shangani, akaandika maisha yake, humo akihesabu frasila, reale na wadai wake. Alikufa mwezi wa Juni 1905.